Tiketi Inasema KL, Ndege ni ya Delta: Namna ya Kusoma Safari ya Kuvuka Atlantiki

Watu wengi wakipokea tiketi huangalia vitu viwili: tarehe, na kama jina limeandikwa sawa na lilivyo kwenye pasipoti. Si vibaya. Mimi nauza tiketi hapa Malindi, na jicho langu hukimbilia kwanza mstari wa herufi ndogo chini ya nambari ya safari, ule unaotaja ndege inaendeshwa na nani. Kwa safari za kuvuka Atlantiki, mstari huo ndio wenye habari.

Chukua kipande cha Amsterdam hadi New York, ambacho abiria wa huku pwani hukipita sana. Tiketi inasema KL, yaani KLM, na nambari ina tarakimu nne zinazoanza na 6. Abiria anafika Schiphol, uwanja wa Amsterdam, akitafuta ndege ya buluu, anaelekezwa kwenye ndege ya Delta, roho inamruka. Hakuna aliyekosea. Ndege, marubani, wahudumu na chakula ni vya Delta. KLM imeuza kiti kwa nambari yake tu. Ndege hiyo hiyo inaondoka na nambari ya DL (Delta), ya KL na pengine ya AF (Air France) au VS (Virgin Atlantic), zote zikipokezana kwenye ubao wa uwanjani. Hiyo ndiyo kodisheya. Ni kama basi moja la Mombasa linalokatiwa tiketi na ofisi mbili hapa mjini: pesa ulimpa huyu, lakini pancha ikitokea Kilifi unazungumza na mwenye basi.

Kwenye Atlantiki jambo hili limekwenda mbali kuliko kuuziana viti. Mwaka 1992 Marekani na Uholanzi zilikubaliana kufungua anga zao, na Januari 1993 Northwest, shirika la Marekani, na KLM wakapewa kinga ya kupanga bei na ratiba pamoja bila kushtakiwa kwa kuua ushindani. Northwest baadaye iliungana na Delta, na tangu 2020 Delta, Air France, KLM na Virgin Atlantic wanafanya biashara ya Atlantiki kwa mfuko mmoja. Upande wa pili wapo American na British Airways, pamoja na Iberia, Finnair na Aer Lingus. Upande wa tatu ni United, Lufthansa na Air Canada. Wanagawana mapato, kwa hiyo kwao ni mamoja upande ndege ya nani. Kwako wewe si mamoja.

Nambari zenyewe hutoa siri ukishazizoea. Safari ya kampuni yenyewe, hasa ile inayojivunia, hupewa nambari fupi: KL643, VS3, KQ002 (KQ ni Kenya Airways). Nambari ndefu yenye tarakimu kubwa mbele ni dalili ya ndege ya mwenzake. AA (American) inayoanza na 6 mara nyingi ni ndege ya British Airways. LH (Lufthansa) inayoanza na 7 ni United. DL inayoanza na 9 huwa ni KLM. Si kanuni ya kuapia, mashirika hubadilisha mafungu yao, lakini ukiiona nambari ya aina hiyo shuka chini usome herufi ndogo.

Nambari fupi kuliko zote zina hadithi. BA001 ya British Airways ilikuwa ya Concorde, ndege iliyopita kasi ya sauti, mpaka ilipostaafu 2003. Mwaka 2009 British Airways wakaifufua kwa Airbus A318, ndege ndogo yenye viti 32 tu, kutoka London City hadi New York. Njia ya kuruka ya London City ni fupi, ndege haiwezi kuondoka pale na mafuta ya kutosha, basi ikienda ilitua Shannon, Ireland, kujaza. Abiria nao wakamaliza uhamiaji wa Marekani hapo hapo huku mafuta yakiingia. Ilikoma 2020.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ninaloulizwa sana: “Hii inaenda moja kwa moja?” Nambari moja haina maana kwamba ndege haitui. Safari ya Ethiopian ya Addis Ababa kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kujaza mafuta, ilhali ya kurudi huruka bila kutua. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege nzito inapata taabu kupaa. Nairobi nayo iko juu ya mita 1,600, na hilo ni moja ya mambo yanayofanya safari ya usiku ifae, maana hewa ya baridi hubeba vizuri zaidi. KQ002 imekuwa ikienda New York tangu 28 Oktoba 2018, saa 15 hivi angani bila kutua, na KQ003 hurudi kwa karibu saa 14 ikisukumwa na upepo. Mteja wangu mwenye magoti mabovu mimi humwambia afikirie vizuri saa 15. Wengine wanafurahi kunyoosha miguu Amsterdam au Paris, na mimi nawaelewa.

Sasa aina ya ndege. Kwenye skrini yetu ya kukatia tiketi, pembeni kabisa mwa mstari, kuna alama tatu, tarakimu au herufi, ambazo wateja hawazioni mpaka waulize. 788 ni Boeing 787-8, ile ya KQ yenye viti 234. 789 ni ndugu yake mrefu. 77W ni Boeing 777-300ER. 333 ni Airbus A330-300, 339 ni A330-900 mpya, 359 ni A350-900. Tofauti utaihisi kiunoni. Daraja la kawaida kwenye 787 hupangwa viti tatu-tatu-tatu. Kwenye 777 za KLM na Air France ni tatu-nne-tatu, na ukiangukia katikati ya hao wanne utajuta. A330 ni mbili-nne-mbili, na hiyo ndiyo ninayoipenda kwa mtu na mkewe: viti viwili dirishani, hakuna mgeni wa kumruka ukienda msalani. Boeing 787 na A350 hewa ya ndani ni nzito kidogo kuliko ndege za zamani, hufiki na kichwa kizito vile. Ila alama hizo tatu si ahadi. Shirika likibadilisha ndege siku tatu kabla ya safari, kiti ulichochagua nacho kinaweza kupotea.

Zamani ndege zote hizi za injini mbili zisingeruhusiwa njia fupi ya baharini. Kanuni ilizitaka zisiwe mbali zaidi ya dakika 60 na uwanja wa kutua, ndiyo maana Atlantiki ilikuwa ya 747 na DC-10. Februari 1985 TWA wakavuka na Boeing 767 kwa ruhusa ya kuzidi dakika hizo 60, na mambo yakageuka. Leo hata ndege nyembamba inavuka: Iberia walianza Novemba 2024 kupeleka A321XLR kutoka Madrid hadi Boston. Njia moja katikati, tatu huku, tatu kule. Kwa saa nane, mimi hapana.

Bei zikilingana, mimi hukata nambari ya mwenye ndege. Sababu ya kwanza ni ndogo lakini inasumbua. Mama mmoja wa Lamu alinipigia akiwa Nairobi: “Mwanangu, mbona hawa Delta wasema hawanijui?” Nikamwuliza, “Shikamoo mama, umeandika namba gani?” Alikuwa anaandika herufi sita za KLM, yaani namba ya nafasi aliyowekewa. Delta ina herufi zake sita nyingine kwa safari hiyo hiyo, na kwenye tovuti yao hizo ndizo zinazofungua mlango wa kuchagua kiti. Muombe wakala wako akupe zote mbili kabla hujatoka nyumbani.

Sababu ya pili ni pesa. Sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 huliwajibisha shirika linaloendesha ndege. Ukitoka Amsterdam kwenda New York umefunikwa hata kama ndege ni ya Delta. Ukitoka New York kwenda Amsterdam, umefunikwa ndege ikiwa ya KLM yenyewe. Ikiwa ya Delta yenye nambari ya KL, hapana. Kwa umbali huo fidia ni euro 600, ndege ikichelewa saa nne au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika. Wakala anayekuuzia KL bila kukutajia mwenye ndege amekunyima habari hiyo.

Na Heathrow, angalia terminali: nambari ya BA kwenye ndege ya American huenda ikakupeleka Terminali 3, si 5.

Kipande cha mwisho ndicho kinachowaumiza watu wetu. Ndege za Malindi na za Manda, uwanja wa Lamu, mara nyingi hukatwa kwa tiketi ya pembeni, na nyingine hutua uwanja mdogo wa Wilson badala ya JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa, upande mwingine wa foleni ya Nairobi. Tiketi zikiwa mbili, hakuna atakayekungoja, na begi halipiti lenyewe. Tena tiketi ya Marekani mara nyingi inakupa mabegi mawili ya kilo 23, ndege ya pangaboi haikupi hayo. Lipia uzito wa ziada mapema mtandaoni, au acha begi moja lije na basi.