Seva moja, watumiaji tisa: leseni ngapi?

Simu ilikuja siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Dodoma alikuwa anajaribu kuingia kwenye seva ya ofisi, yaani kompyuta kuu ambayo watumishi wote huingia na kufanyia kazi ndani yake, na kila akiandika nywila anarudishiwa ujumbe uleule: hakuna seva ya leseni inayoweza kumpa leseni. Jana yake alifanya kazi vizuri. Umeme upo, intaneti ipo. Nikamuuliza seva hiyo walifungiwa lini. Akahesabu kwa vidole: miezi minne.

Jibu lilikuwa hapo. Windows Server, yaani Windows ya seva, hutoa siku 120 za kutumia huduma ya kuingia kwa mbali (Remote Desktop), ya kufanyia kazi ndani ya seva ukiwa kwenye kompyuta yako, bila leseni zake. Siku hizo zikiisha, watumiaji wa kawaida wanakataliwa. Bila leseni hizo, wanaoruhusiwa ni wawili tu kwa wakati mmoja, tena kwa kazi ya kuisimamia seva yenyewe. Kuandika barua na kupokea marejesho ya mikopo hakumo. Fundi aliyewafungia hakuwaambia, na ankara ilionyesha seva moja, Windows moja, programu ya uhasibu moja. Viongozi wa chama waliamini wamelipia kila kitu, na siwalaumu.

Sisi wa TEHAMA tumewazoesha watu kuhesabu leseni kwa kompyuta: programu imefungwa wapi, mara ngapi. Kwenye seva ya pamoja hesabu hiyo haifai. Programu imefungwa mara moja, lakini wanaoitumia ni wengi, na mkataba unawahesabu wao.

Tena malipo yana ngazi. Ni kama stendi ya mabasi: ushuru wa getini haukupandishi basi la Kondoa, nauli unalipa pia. Kuna leseni ya kila mtu au kifaa kutumia Windows Server. Juu yake kuna leseni ya kuingia kwa mbali. Kisha kila programu iliyomo ndani ya seva ina leseni yake. Ukilipa ngazi moja, nyingine bado zinakudai.

Leseni ya kuingia kwa mbali huuzwa kwa mtumiaji au kwa kifaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa. Chukulia maabara ya chuo yenye kompyuta 40 zinazotumiwa kwa zamu na wanafunzi 400. Kwa kifaa unanunua 40, kwa mtumiaji 400. Afisa mmoja mwenye kompyuta ya mezani, mpakato na kishikwambi ni kinyume chake: kwa mtumiaji ni leseni moja, kwa kifaa ni tatu. Jambo moja lisikudanganye: ukiwa umechagua kwa mtumiaji, seva haitakufungia mlango ukizidisha idadi. Mkataba ndio umeuvunja, na mkaguzi ataliona.

Upande wa Microsoft Office, ile iliyonunuliwa dukani kwa mtu mmoja hairuhusiwi kwenye seva ya namna hii. Ukiwa na Microsoft 365, uliza kama kifurushi chako kinaruhusu kuamilishwa kwenye kompyuta ya pamoja. Business Premium kinaruhusu, Business Standard hakiruhusu, na majina yanafanana kiasi cha kumchanganya yeyote. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na majedwali, haihesabu vichwa. Iweke, watumie wote.

Wapo mafundi watakaokuambia wanaweza kuzirudisha zile siku 120 mwanzo, au kuifungua Windows 11 Pro, ambayo kwa kawaida huruhusu mtu mmoja kwa wakati, ili waingie watano. Wanaweza kweli. Lakini Windows ikijisasisha, ujanja huo mara nyingi hukatika, na huwa siku ya kazi nyingi. Zaidi ya hapo, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kama vitabu vinavyolindwa. Ofisi inayotunza akiba za wanachama haipaswi kusimama juu ya kitu kama hicho, na nasema hivi nikiwa nimeona machozi ya mhasibu.

Pale kwenye chama tulikaa na daftari. Watumishi tisa. Kompyuta za kaunta nne, wanapokezana. Meneja na mhasibu wana mipakato ya kufanyia kazi nyumbani, hawaingii kwenye seva kwa simu. Vifaa sita dhidi ya watu tisa: tukachagua kwa kifaa. Programu ya uhasibu ilikuwa ya mtumiaji mmoja, kwa hiyo tukamwandikia muuzaji atupe bei ya watumiaji wengi, tukitaja wazi kwamba itakaa kwenye seva ya kuingia kwa mbali, na jibu alilete kwa maandishi. Barua na majedwali vikahamia LibreOffice. Hesabu za mwezi zilifungwa siku nne baadaye.