Vinasaba na kabila: kipimo kinasoma nini hasa?

Kijiti chenye pamba kilikuwa bado ndani ya pakiti bibi mmoja wa Tongoni aliponiuliza: "Mwanangu, haya mate yangu yatakwambia kama mimi ni Msegeju kweli?" Nikamjibu hapana, naye akashangaa. Swali hilo nimeulizwa pia Muheza, Pangani na Handeni, na linastahili jibu refu kuliko nililompa siku ile.

Kijiti kile hukomba seli za ndani ya shavu, na ndani ya seli ndimo vilimo vinasaba, maandishi ya herufi kama bilioni 3. Chukua watu wawili wowote, hata Mbondei na Mjapani: maandishi yao yanafanana kwa takriban asilimia 99.9. Sisi watafiti tunatafuta pale palipotofautiana. Herufi iliyobadilika kwa mzee wa kale, ikarithiwa na wanawe na wajukuu, hiyo ndiyo tunayoiita alama.

Zipo alama zinazopita njia moja tu. Vinasaba vimefungwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu. Kromosomu Y, waliyo nayo wanaume tu, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Vinasaba vya mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, ila ni mabinti tu wanaoviendeleza. Wadigo hunielewa upesi hapa, maana jadi yao ilihesabu ukoo kwa mama. Lakini piga hesabu: ukirudi nyuma vizazi 10, una nafasi za wazee 1,024. Mitokondria inamtaja mmoja, kromosomu Y mwingine mmoja, nao 1,022 hawatajwi kabisa. Anayekuuzia asili yako yote kwa alama hizo mbili anakupunja. Ndiyo maana utafiti wa maana husoma alama nyingi kwa mpigo, kutoka kromosomu zote.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama. Sehemu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi, wageni wa kutoka Uajemi, hawakuwa wakitunga. Na waliodai kwamba miji hii ilijengwa na wageni watupu, wakiwafuta bibi zetu, walitukosea sana.

Lakini hakuna alama iliyoandikwa "Mswahili" wala "Msambaa". Tofauti nyingi za vinasaba zimo ndani ya jamii moja, kati ya jirani na jirani. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi bonde la mto Juba, Somalia. Wajukuu zao waliendelea kusema Kizigua kule, na vita vya 1991 vilipowafurusha, baadhi walirudi upande wa Handeni, wakapewa makazi Chogo. Uzigua wao ulibebwa na ulimi. Kwa Wasegeju wa Tanga mambo ni kinyume: wengi leo husema Kidigo, na bado ni Wasegeju. Kabila ni lugha, malezi, ukoo na watani unaowajua. Mate hayayajui hayo.

Bibi akauliza la pili, ambalo natamani kila mtu aliulize: "Na mkishayachukua mnayapeleka wapi?" Tanzania tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili. Dai kukiona. Uliza sampuli itatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani ataitumia. Ukikataa, hupotezi huduma yoyote.

Mjukuu wake akamsomea fomu nzima, akirudia mara mbili mstari wa kusafirisha sampuli nje ya nchi. Bibi akatia dole gumba, kisha akafungua kinywa.