Mashine ya Dubai ikikuuliza, kataa

Mama mmoja muuza nguo za watoto pale Mwanjelwa alinijia dawatini na risiti nne zimefungwa kwa mpira. "Mwanangu, nyie benki mmenikata nini huku?" Alikuwa ametoka Dubai wiki ileile. Nimekaa dawati la kadi hapa Mbeya miaka kumi na moja, swali hilo nimelizoea, na kwa kawaida jibu lake ni makato yetu pamoja na ya benki yenye mashine ya kutolea hela (ATM). Risiti za mama zilikuwa na jambo jingine.

Kadi yake ni ya akaunti ya dola. Kila risiti ilionyesha ametoa dirhamu 1,000, na chini yake kwa maandishi ya kukodolea macho, dola 285.71. Tukapiga hesabu kwenye simu yake. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725, haipandi wala haishuki. Kwa kiwango hicho dirhamu 1,000 ni dola 272.29. Mama alibadilishiwa kwa 3.50. Kila alipotoa zilimtoka dola 13 na senti zake, kabla hata ya makato. Mara nne, zaidi ya dola 53. Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo si nauli yangu ya kwenda na kurudi Tunduma na chakula juu?"

Mtego uko hivi. Ukichomeka kadi, mashine inajua imetoka nchi gani na akaunti yake ni ya fedha gani. Basi inajitolea kukubadilishia palepale, ikuonyeshe kiasi kwa fedha unayoielewa. Inaonekana kama ukarimu. Kiwango anapanga mwenye mashine na kampuni anayoshirikiana nayo, na faida wanagawana wao. Ukikataa, ubadilishaji unafanywa na Visa au Mastercard kwa kiwango chao cha siku hiyo, ambacho karibu mara zote ni nafuu. Nasi benki huwa tunaongeza asilimia yetu juu, sitaficha hilo; uliza tawini kwako ni ngapi kabla hujasafiri.

Kinachowaponza wengi ni neno lenyewe. Kioo kinaandika Accept (kubali) na Decline (kataa), na mtu mwenye foleni nyuma yake anaogopa Decline akidhani muamala utakufa. Haufi. Umekataa kiwango chao tu, hela inatoka kama kawaida. Mwenye kadi ya shilingi anaumizwa vilevile, ila yeye hagundui upesi, kwa sababu shilingi haina kiwango kimoja cha kukariri.

Dukani mchezo ni huohuo, ila hapo muuzaji ndiye anayekubonyezea. Kabla hujaweka namba ya siri, tazama kioo cha mashine. Ukiona dola au shilingi mahali palipotakiwa dirhamu, mwambie afute achanje upya kwa fedha ya pale. Atanuna kidogo.

Kuhusu makato ya kutoa: mengi ni ya kila muamala, utoe kidogo utoe kingi. Anayetoa kidogokidogo mara tano kwa woga wa wezi anakatwa mara tano. Toa kiasi cha siku kadhaa, zingine zifungie hotelini. Na hapohapo hotelini, wakishika kadi yako ujue wanaweza kuzuia fedha ya dhamana mpaka uondoke. Kadi zetu nyingi zinavuta salio moja kwa moja, kwa hiyo hela hiyo huioni hata siku kadhaa baada ya kurudi. Haijaibwa.

Kabla ya kupanda ndege Songwe, pita benki au fungua programu ya benki uhakikishe matumizi ya nje yamewashwa. Washa na rominga, kwa sababu namba za kuthibitisha manunuzi ya mtandaoni zinakuja kwa meseji kwenye laini yako ya hapa. Beba kadi mbili, na usiziweke pochi moja. Kadi ikimezwa na mashine ya benki ya ugenini, usipange safari yako ukitegemea kurudishiwa. Mashine ikikata salio bila kutoa noti, tunza risiti uje kudai kwenye benki yako.

Wanaoishia Nakonde, Zambia, au Karonga, Malawi, bado wanategemea noti mkononi, na siwalaumu. Kumbuka tu kwamba kwacha ya Zambia siyo ya Malawi. Zambia walifuta sifuri tatu Januari 2013. Kijana wa kubadilisha hela mpakani akikupa kwacha 50,000 ya Zambia kwa noti moja, amekupa karatasi. Na ukishahesabu, usimrudishie "ahakikishe", asije akachomoa noti.

Mama alisafiri tena. Usiku simu ikaita, sauti ya kunong'ona: "Mwanangu, inaniuliza."

"Inasemaje?"

"Accept, Decline."

"Bonyeza Decline, mama."

Kimya. Nikasikia mashine ikihesabu.

"Imetoa! Ndaga fijo, asante sana. Ila imenipa noti mbili tu za mia tano, sasa mwenye teksi nitamlipaje?"