Protini unayokula haihamii kwenye msuli wako

Wengi huamini kwamba ukila nyama, protini yake huenda moja kwa moja kuwa msuli. Sivyo kabisa. Tumbo na utumbo huikatakata mpaka zibaki asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, kama shanga zilizovuliwa kutoka uzini. Ndani ya seli, ribosomu, viwanda vidogo vya protini, huzitunga upya kwa kufuata maagizo ya jeni zako wewe: insulini, kwa mfano, protini inayodhibiti sukari ya damu, ina asidi amino 51, kila moja mahali pake. Aina kuu za asidi amino ni 20. Mtu mzima hujitengenezea 11. Zile 9 lazima zitoke kwenye chakula, nacho si lazima kiwe nyama. Tena asidi amino nyingi (hili hunistaajabisha kila mara) hutoka kwenye protini kuukuu za mwili wenyewe, zinazovunjwa na kutumika upya kila siku.