Mfumo wa mkojo: tishu zinazovujisha na tishu zinazozuia

Ukitaja mfumo wa mkojo, wengi huwaza kibofu, kwa sababu ndicho kinachosumbua. Viungo vyenyewe ni figo mbili, ureta mbili zinazoshusha mkojo, kibofu kinachoutunza, na urethra inayoutoa nje. Kuvihesabu tu hakukufikishi mbali. La kushika ni kwamba vinafanya kazi mbili zinazopingana: figo huvujisha kwa makusudi, na vilivyobaki vyote vimeumbwa visivujishe kitu.

Figo zimelala nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, na sehemu yake ya juu imejificha chini ya mbavu za mwisho. Anayejishika kiunoni na kusema figo zinamuuma, mara nyingi ameshika chini mno. Ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto kwa kuwa ini limechukua nafasi juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Ukiipasua kwa urefu utaona gamba la nje lenye chembechembe, na ndani yake medula yenye mapande ya pembetatu yanayoitwa piramidi. Ncha za piramidi hudondosha mkojo kwenye vikombe vidogo, navyo humimina kwenye beseni la figo.

Kazi yenyewe hufanywa na nefroni, yaani vijitengo vidogo mno vyenye chujio na mrija, na kila figo inazo karibu milioni moja. Nefroni huanza na glomerulo, yaani fundo la mishipa ya damu myembamba mno, lililotumbukizwa ndani ya kifuko. Hapo damu huchujwa kwa shinikizo kupitia tabaka tatu. La kwanza ni ukuta wa mshipa wenyewe, ambao umetobolewa matundu. La pili ni utando usio na seli. La tatu ni podosaiti, seli zenye miguu mingi inayopishana na miguu ya jirani zake kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na kuacha nyufa ndogo sana katikati. Maji, chumvi, sukari na urea, yaani taka itokanayo na protini, hupita. Seli za damu na protini kubwa hubaki. Ndiyo maana mkojo ukikutwa na protini nyingi, daktari huanza kulishuku chujio hili.

Kwa siku moja chujio hutoa takriban lita 180 za maji, ilhali mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu. Zilizobaki zimerudi kwenye damu. Sehemu ya kwanza ya mrija wa nefroni hurudisha karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, na sukari karibu yote. Ukiitazama kwa hadubini unaelewa inavyoweza: seli zake ni za umbo la mchemraba, zimejaa mitokondria za kuzalisha nguvu, na uso wake umeota vinyweleo vilivyosongamana kama brashi. Mbele kidogo, mrija unapopinda na kushuka kwenye medula, seli huwa bapa na nyembamba, maana hapo maji hutoka bila kusukumwa.

Mkojo ukishadondoka kutoka kwenye piramidi, haubadiliki tena. Kuanzia hapo kazi ni kuusafirisha na kuuzuia usirudi mwilini, na tishu nazo hugeuka.

Ureta ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30. Ukikatwa kwa upana, uwazi wake una umbo la nyota, kwa sababu ngozi ya ndani imejikunja. Misuli yake hujibana kwa mawimbi, hivyo mkojo hushuka hata mtu akiwa amelala. Inapoingia kwenye kibofu hupenya ukuta kwa mshazari. Kibofu kikijaa, ukuta huikandamiza na mkojo haupandi kurudi kwenye figo.

Ngozi hiyo ya ndani, kuanzia kwenye vikombe vya figo hadi kibofu, huitwa epithelia ya mpito; epithelia ni tishu ya seli zinazofunika nyuso za mwili na kuta za ndani za viungo. Jina lina kasoro: wachunguzi wa zamani walidhani ni hatua ya kati baina ya aina mbili nyingine za epithelia. Kumbe ni aina yake yenyewe. Kibofu kikiwa kitupu, seli zake hupangana tabaka tano au zaidi, na zile za juu huvimba kama miavuli iliyofunguka. Kikijaa hubaki kama tabaka mbili au tatu, na miavuli hulala bapa. Hazipasuki, kwa sababu ndani yake zina akiba ya utando ambayo huongezwa kwenye uso kadiri zinavyovutwa. Utando huo umesakafiwa kwa vibamba vya protini, na seli zimeshonana kingo kwa kingo, basi urea haipati upenyo wa kurudi kwenye damu.

Chini yake kuna detrusa, msuli mnene wenye nyuzi zinazokwenda kila upande. Kiswahili kimeliweka vizuri: mkojo humbana mtu, na mtu huubana mkojo. La kwanza linatokana na ukuta wa kibofu uliovutika na neva zake. La pili ni la msuli wa nje unaozunguka urethra, ambao tunautawala wenyewe na ambao mtoto huchukua muda kuuzoea.

Urethra ya mwanamke ina sentimita 4 hivi, ya mwanamume hufika 20 na hupitia katikati ya tezi dume. Ufupi huo ni sababu mojawapo ya wanawake kupata zaidi maambukizi ya njia ya mkojo. Karibu na mlango wa nje epithelia hubadilika tena, ikawa seli bapa za tabaka nyingi zinazoungana na ngozi.