Hipnosisi si usingizi

Juzi kwenye daladala ya Kirumba, hapa Mwanza, kaka mmoja alimsimulia mwenzake jinsi matapeli "walivyomfanyia hipnosisi" akawatumia pesa yote iliyokuwa kwenye simu. Mwenzake akadakia: ndiyo maana shangazi yake, mwenye maumivu ya tumbo ya miaka, amekataa tiba ya hipnosisi, anaogopa kulazwa usingizi asiamke. Nilishuka nikiwa na uchungu, maana yule shangazi anaendelea kuumwa kwa sababu ya neno.

Hipnoterapia, yaani tiba kwa hipnosisi, ni tiba ya maneno. Mtaalamu anakuongoza utulie, akili izame kwenye jambo moja, kisha anakupa mapendekezo yanayolenga shida yako: maumivu sugu, wasiwasi, hofu.

Kosa la kudhani ni usingizi limo ndani ya jina hipnosisi. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza kwa kitabu chake cha 1843, na mzizi wake ni neno la Kigiriki la usingizi, hypnos. Baadaye aliona kwamba wagonjwa wake wengi hawakuwa wamelala hata kidogo. Walikuwa wamezama kwenye wazo moja. Mwaka 1847 akapendekeza jina jipya, monoideizimu, yaani hali ya wazo moja. Halikushika. La usingizi lilishazoeleka, nasi tumelirithi pamoja na kosa lake.

Nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi, umtazame mama anayechambua dagaa. Vidole vinatupa kando mchanga na vipande vya magamba, macho hayabanduki. Unamwita mara mbili, kimya. Mara ya tatu anainua kichwa: "Abee!" Hajalala huyo, kazama. Na ukimwomba akukabidhi mauzo yake ya siku, hatakupa. Hipnosisi iko jirani na hali hiyo. Wala si nusukaputi: nusukaputi ni dawa inayokuzima, bali kwenye hipnosisi unasikia, unaweza kukataa, unaweza kufumbua macho ukaondoka.

Tena ni tiba ya nyongeza, haifukuzi vidonge vya hospitali. Uingereza, mwongozo wa 2008 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unaitaja kwa wenye utumbo unaosokota ambao dawa hazijawafaa kwa miezi 12.

Kwa hiyo, kaka, pole sana, ila wale walikulaghai. Kiswahili kina neno lake. Nawe mwenzake, mwambie shangazi kwamba hatalazwa usingizi. Atakuwa anasikia kila neno.