Ivermektini hukaa wapi kwenye neva ya mnyoo

Dawa za matende, ugonjwa unaoletwa na minyoo, zilipogawiwa Lamu mwaka 2018, ivermektini ilikuwa miongoni mwa tatu zilizomezwa pamoja, na albendazoli na DEC (diethilikabamazini). Watu huuliza: dawa inayomlemaza mnyoo, mbona mvuvi aliyeimeza hailemazi mikono yake? Jibu limo katika umbo la protini moja, kipokezi cha glutamati, kemikali ya kupitishia ishara za neva, kinachofungulia njia ioni za kloridi (chembe zenye chaji hasi).

Umbo hilo lilichorwa mwaka 2011 na Ryan Hibbs na Eric Gouaux, Marekani, kwa ukali wa picha wa angstromu 3.3 (angstromu moja ni sehemu ya milioni kumi ya milimita). Protini ilitoka kwa C. elegans, mnyoo wa udongoni. Haikukubali hivi hivi kuganda kuwa fuwele, ambayo ndiyo hupigwa eksirei ili umbo lichorwe: walikata ncha zake zinazolegea, wakafupisha kitanzi cha ndani ya seli, kisha wakaishikiza vipande vya kingamwili ili molekuli zipate pa kugusana.

Kipokezi kina vipande vitano vilivyosimama duara kuzunguka tundu. Juu, nje ya seli, ndiko glutamati inakoshika. Chini, ndani ya utando, kila kipande kina nguzo nne, M1 hadi M4, na zile za M2 ndizo kuta za tundu. Wengi huitafuta ivermektini palipo na glutamati, au ndani ya tundu lenyewe. Haiko huko. Imejipenyeza kutoka upande wa mafuta ya utando, kati ya M3 ya kipande kimoja na M1 ya jirani yake. Mipaka ni mitano, na dawa nazo ni tano. Inafanya kazi kama kabari ya fundi wa majahazi wa Matondoni: M1 na M3 zinaachana, M2 inasogea, tundu linabaki wazi. Kloridi inamiminika ndani na neva inashindwa kutoa ishara.

Unaweza kuliona hili mwenyewe kwa ChimeraX, programu ya kompyuta ya kutazamia maumbo ya protini, ambayo ni bure kwa masomo. Fungua faili 3RHW, yenye umbo hilo la 2011, futa kingamwili, ubakize minyororo A hadi E, yaani vile vipande vitano. Teua dawa, iliyoandikwa IVM, kisha onyesha amino asidi zote (matofali yanayoijenga protini, kila moja na namba ya nafasi yake) zilizo ndani ya angstromu 4. Tafuta leusini 218 kwenye M1, serini 260 kwenye M2 na threonini 285 kwenye M3. Usibakize mnyororo A peke yake ili kompyuta iwe nyepesi: makao ya dawa yako mpakani, kwa hiyo nusu yake itatoweka na utadhani dawa inaelea. Kisha fungua 4TNV, picha ya 2014 isiyo na dawa, uzilinganishe: utaona mwanya umejifunga.

Vifungo vya hidrojeni kati ya dawa na protini, vinavyochorwa kwa nukta, visikuteke. Kwa ukali wa 3.3, mahali pa atomu moja moja si pa kuapia, na vipokezi vingine huitikia dawa hii bila vifungo hivyo. Mimi naitazama zaidi nafasi yenyewe. Kwenye M3 ya mnyoo kuna glaisini, amino asidi ndogo kuliko zote, nayo inaiachia dawa njia. Binadamu hana kipokezi hiki kabisa. Ndugu yake wa karibu kwetu, kipokezi cha glaisini, ana alanini mahali hapo, namba 288. Ukiibadilisha kuwa glaisini maabara, kinakuwa chepesi zaidi kuitikia ivermektini.

Kwa hiyo vipokezi vyetu navyo vinaweza kuguswa, dawa ikiwa nyingi. Kinachotukinga zaidi ni P-glaikoprotini, pampu iliyo kwenye mishipa ya ubongo, inayoirudisha dawa kwenye damu. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kilo: mtu wa kilo 60 anapata miligramu 12, vidonge vinne vya miligramu 3. Kuongeza vidonge hakumuui mnyoo mkubwa, kwani ivermektini hulenga hasa vichanga vyake vilivyomo kwenye damu. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito.